"Rudi kwa Baba Yako": Neno Moja, Hukumu Mbili

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kubainisha, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu msomaji, msimu uliopita wa ufuta, hapa Mitole, alinijia mzee mmoja na binti yake, simu mkononi. Mume wa binti, naye yuko safarini, alikuwa amemwandikia: "Kamba yetu imekatika. Rudi kwa baba yako." Kaka zake walikwisha toa hukumu: hii ni talaka, dada yetu yumo edani. Mzee akaniuliza, "Maalim, wewe wasemaje?" Nikamjibu, "Sisemi kitu mpaka nijue maneno haya ni ya aina gani."

Wako wadhanio kuwa elimu ya balagha ni pambo la washairi. Sivyo. Ni mizani ya kupimia maneno, na asiyekuwa nayo hudhulumu bila ya kujua. Basi na tuzitaje baadhi ya aina zake.

Kwanza ni tashbihi: "Moyo wake mgumu kama jiwe." Hapa hapana wa kupotea, kwani neno "kama" linamwonyesha njia. Pili ni istiari, ambayo "kama" imeondolewa: "Moyo wake ni jiwe." Ile "kamba imekatika" ni ya namna hii, maana ndoa haina kamba. Tatu ni tashihisi, kukipa kisicho roho tabia ya mtu, kama wavuvi wetu wasemavyo kuwa bahari imekasirika. Nne ni mubalagha: "Nimekungoja mwaka mzima," na aliyengoja kangoja saa moja. Huyu si mwongo, kwa kuwa asemaye na asikiaye wote wanajua.

Tano ni kinaya, nayo ndiyo yenye hatari. Neno la kinaya laweza kuwa kweli kwa maana yake ya juu, na papo hapo likabeba nyingine chini yake. "Rudi kwa baba yako" huenda ikawa ni safari ya kwenda kusalimia. Huenda ikawa ni kuachwa.

Kukosea aina ya neno si aibu. Sahaba Adiyy bin Hatim aliposikia aya ya saumu inayotaja uzi mweupe na uzi mweusi, aliweka kamba mbili chini ya mto wake, akawa anazitazama usiku na hazimbainikii. Asubuhi alikwenda kwa Mtume, naye akamfahamisha kuwa ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Tazama adabu yake: hakukaa na ufahamu wake, alikwenda kuuliza.

Nasi watu wa Kilwa tunaijua gharama ya neno. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji vilivyoanzia Umatumbi, watu waliambiwa kuwa maji ya dawa yatawakinga na risasi, wakafa kwa maelfu. Ebrahim Hussein, mwandishi wa kusini hii yetu, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, ametuonyesha mtu aliyetoa neno la kuwaunganisha watu, kisha wakalichukua kwa namna yao, naye asiweze tena kulirudisha.

Turudi kwenye ile simu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, talaka ya neno la sarihi haiulizwi nia, na talaka ya kinaya haipiti ila kwa nia. Maandishi nayo yamehisabiwa kuwa ni kinaya. Mtume alipata kumwambia mwanamke aliyemwoa, naye akajikinga kwa Mungu asimkaribie, arudi kwa watu wake, na ikawa talaka. Kaab bin Malik, mshairi wa Kiansari aliyebaki nyuma katika safari ya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, alipoamriwa kujitenga na mkewe alimwambia maneno hayo hayo, na haikuwa talaka. Neno moja, hukumu mbili. Kilichozitenga ni nia.

Nikangoja mume arudi, nikamwuliza faraghani. Akaapa kwamba alikasirika, akataka kumtisha tu. Ndoa ikasimama, na kaka wakanyamaza. Lakini yule binti akasema: "Maalim, nia yake ilikuwa moyoni mwake. Mimi nilikuwa na maneno tu. Siku tisa nimelia kama mjane."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nimelifikiri tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyaona. Sheria imempa msemaji nafasi ya kueleza nia yake. Haikumpa ruhusa ya kujificha nyuma yake. Anayesema kwa fumbo akijua kuwa mwenziwe ataumia, hata kama hakumwacha, amemdhulumu, na dhuluma hiyo kadhi haioni, Mungu aiona. Kwa hiyo nilimwita yule kijana mara ya pili, nikamwambia: "Mwanangu, ulimwumiza kwa kinaya, nenda ukamtake radhi kwa sarihi."

Basi wewe usomaye, usihukumu neno kabla ya kujua aina yake, na likikutatiza mwulize mwenyewe. Na wewe uandikaye, mafumbo waachie washairi. Nyumbani mwako sema wazi.

Wabillahi tawfiq.