Birika la Mama na Haki ya Mzazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa miji ya pwani wajua kuwa wengi wa wana wetu wamefuata riziki bara. Baadhi yao wamefanya maskani Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kusini ya Nairobi, penye njia kuu iendayo Namanga. Ardhi iliyokuwa malisho ya ng'ombe wa Wamasai imekuwa mji wa watu wa kila kabila, nao hutoka alfajiri kwenda Nairobi na viwanda vya Athi River, wasirudi ila usiku. Mwenye kheri miongoni mwa wana hawa humchukua mamake akae naye. Hilo ni jema. Lakini kumweka mzazi nyumbani ni jambo moja, na kukaa naye ni jambo jingine.

Mama wa pwani hufika huko na desturi yake. Baada ya sala ya alasiri huteleka birika, akatia majani, tangawizi na iliki, akapanga vikombe kwa hesabu ya watu wa nyumba, kisha akaita. Mmoja hajarudi kazini. Wa pili ajibu kuwa yuaja, na macho hayatoki katika simu. Wa tatu achukua kikombe chake akaenda nacho chumbani. Chai yapoa, na mama anywa peke yake wala hasemi neno. Watu wa nyumba husema mama apenda chai. Kweli aipenda, lakini lau haja yake ingekuwa chai tu, kikombe kimoja kingemtosha.

Huenda mtu akauliza: chai ina nini hata itajwe katika mambo ya dini? Kweli haikuwako Madina katika zama za Mtume. Hapa Kenya mche wake ulipandwa Limuru mwaka 1903, na mnada wake, ulioanza Nairobi mwaka 1956, ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969. Basi kuinywa si sunna, wala si bidaa, kwani bidaa ni kuzua katika dini, na vyakula na vinywaji asili yake ni halali hadi ipatikane dalili ya kuvikataza. Lakini wanachuoni wametufunza ya kuwa jambo la halali hugeuka ibada kwa nia. Akaaye na mamake robo saa kwa nia ya kumfurahisha yumo katika ibada, japo mkononi hana ila kikombe.

Katika Suratul Israa Mwenyezi Mungu ameamrisha aabudiwe Yeye peke yake, na papo hapo akaamrisha wazazi watendewe wema, akakataza hata ile sauti ndogo ya kuonyesha kuchoka nao. Ikiwa sauti hiyo imekatazwa, yasemweje juu ya uso ulioinamia simu mama anapozungumza? Na wenye kuhudhuria darasa wajihadhari zaidi. Kijana atokaye mbio kwenda kusikiliza mafunzo ya wema kwa wazazi, akampita mamake penye birika bila ya kumtazama, amekwenda kutafuta mbali alichoachiwa mlangoni.

Liko na jambo la sukari. Mzee aliyekatazwa na daktari hana budi kutii, kwani mwili ni amana. Lakini mwana amnyang'anyaye mamake kopo la sukari mbele ya wajukuu, akamkemea kama mtoto, amehifadhi mwili akauvunja moyo. Adabu ni nyumba nzima inywe naye chai isiyo sukari. Tangawizi na iliki zatosha kuitia ladha, naye hatajiona ametengwa.

Wala birika lisiishie kwa jamaa. Mtume alimuusia Abu Dharri azidishe maji katika mchuzi wake ili awakumbuke jirani. Ukame ulipoua mifugo mingi ya Kajiado mwaka 2022, ziko nyumba zilizozoea kumpa mgeni chai ya maziwa zikawa hazina maziwa. Jirani wa namna hiyo ana haki ya kikombe chetu, awe Mwislamu au asiwe.

Basi, ndugu zetu, mwenye mzazi nyumbani na awahi kikao chake japo siku za mapumziko, aweke simu mbali, amwache mama amimine, na asiinuke kabla yake. Ambaye mzazi wake yuko pwani na ampigie saa ya chai, si saa ya haja. Kikombe kilichopoa hutelekwa tena kikapata moto. Mzazi akiisha kwenda zake, hapana wa kumrudisha.

Mwenyezi Mungu atuwafikie kuwatendea wema wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.