Waacheni Vijana Waharibu Maziwa

Mvua ya Kericho huja alasiri, karibu kila siku, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoileta kampuni ya Brooke Bond kupanda chai hapa katika miaka ya 1920. Chai inaipenda. Kibuyu hakiipendi. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuchachushwa, lazima kikauke mpaka ndani kabisa kabla ya kutiwa maziwa, na kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 2,000 jua la kuanikia hupatikana kwa bahati. Nyanya zetu hawakulitegemea jua peke yake. Walikuwa na moto wa kuni usiozimika kutwa, na kibuyu kilikaa karibu na joto lake. Siku hizi jikoni kuna gesi, sakafu ya simenti na dirisha la kioo, na unyevu unabaki mle mle kwenye kibuyu usionekane na mtu.

Unyevu huo ulichangia kuharibu maziwa ya binti wa kaka yangu, upande wa Litein, siku ya koito. Wageni walikuwa wamefika kwa mazungumzo ya mahari, wazee wameketi, na yeye aliyekuwa anaposwa alikuwa ameomba mwenyewe kutayarisha mursik. Kibuyu kikafunguliwa. Harufu ikatangulia. Maziwa yalikuwa yamejitenga, maji juu na mabonge chini, na ukungu umeshika shingoni mwa kibuyu. Jamaa mmoja akacheka. Mwingine akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama huko chuo kikuu hawafundishi kuosha vyombo. Binti akakibeba kibuyu akatoka nacho, na mursik iliyonywewa siku ile ilitoka kwa mama mmoja anayeuza sokoni.

Kicheko kile bado kinaniuma, maana najua kinakofikisha. Kijana aliyechekwa mbele ya wakwe hagusi kibuyu tena. Atanunua mursik maisha yake yote, na watoto wake watadhani ni kitu kinachotoka sokoni kama sabuni.

Jioni wageni walipoondoka, mama yangu, ambaye wajukuu wote wanamwita Kogo, alimwita binti jikoni. Hakumkemea. Alikichukua kibuyu kilichokwisha kuoshwa, akaingiza pua mdomoni mwake, akavuta pumzi, akasema, "Hiki hakikukauka." Kisha akamuuliza alitumia mkaa gani. Binti akajibu kwamba aliona kwenye video, akachukua mkaa wa kawaida wa gunia. Kogo akatikisa kichwa, akamtuma nje kukata tawi la senetwet, ule mti mdogo wa maua ya manjano unaoota kando ya njia na kwenye nyua zetu.

Nilisimama mlangoni nikawatazama. Kijiti cha senetwet kilichomwa mpaka ncha ikawa kaa jekundu, kikaingizwa kibuyuni kingali moto. Hapo Kogo akatwaa sosiot, ule ufito wa mtende uliopondwa ncha ukawa kama brashi, akaanza kusaga kaa lile kwenye kuta za ndani, akizungusha polepole, akisikiliza. Ndiyo, akisikiliza. Kaa likiwa bado na chenga, sauti ni ya mkwaruzo. Likishakuwa unga laini, sauti hutulia, na ndipo unajua kibuyu kimepakwa vizuri na unga uliozidi unaweza kukung'utwa nje. Hakuna video iliyoniambia habari ya sauti ile.

Halafu yakaja maziwa. Zamani watu wengi walitia maziwa mabichi. Kogo huyachemsha, kwa sababu alishaona watu wakiugua homa ya maziwa mabichi kwa miezi, na simlaumu kwa kuibadili desturi hiyo. Lakini maziwa yaliyochemshwa yana mtego wake: lazima yapoe kabisa kabla ya kumiminwa. Binti alikuwa na haraka ya kumaliza kazi, akayamimina yangali na joto. Kibuyu chenye unyevu, mkaa wa gunia, maziwa ya moto. Kila kosa peke yake lingesamehewa. Yote matatu pamoja yakamwaibisha, na kwa nusu saa tu pale jikoni akawa ameyaelewa yote.

Kwa nini hakujua mapema? Alilelewa kwenye nyumba yenye ng'ombe. Jibu langu ni kwamba hakuna aliyewahi kumpa maziwa ya kuharibu. Katika Bomet na Kericho, maziwa ni ada ya shule. Asubuhi yanapimwa, yanapanda pikipiki, yanakwenda kwa mnunuzi au kwenye kiwanda cha KCC pale Sotik. Kinachobaki ni cha chai ya nyumbani. Mzazi anayesubiri bonasi ya chai mwezi wa Oktoba hawezi kuangalia lita moja ikimwagwa hivi hivi. Na mtoto mwenyewe, anapofika umri wa kushika sosiot, amekwisha kwenda shule ya bweni. Anarudi likizo, anakuta mursik iko tayari, anakunywa, anarudi shule.

Tuna fahari nayo, hilo halina ubishi. Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut Chuma, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki kule Tokyo mwaka wa 1964, na leo mwanariadha akirudi na ushindi tunamlaki uwanja wa ndege kwa kibuyu. Ndugu zetu Wapokot, wanaotengeneza maziwa ya kibuyu kwa majivu ya mti wa kwao, wamefanya zaidi ya kujivunia: maziwa yao yamo katika miradi ya shirika la Slow Food la Italia, linalotetea vyakula vya asili visipotee. Sisi tunapiga picha.

Wapo wanaosema bora mursik ipotee, kwa sababu ya saratani ya umio ambayo madaktari wa hospitali ya Tenwek, Bomet, wamehangaika nayo miaka mingi. Mwaka wa 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mursik, wakakuta pombe na kemikali ya asetaldehaidi, wakahoji kama inachangia ugonjwa huo. Swali hilo ni la haki na sitaki lifunikwe. Lakini litajibiwaje ikiwa wanaojua jinsi mursik inavyotengenezwa, tangu kuosha kibuyu hadi kukifungua, wanazeeka bila wanafunzi? Daktari anamhitaji Kogo kama binti anavyomhitaji.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi wenye ng'ombe, kuanzia Chepseon mpaka Longisa. Likizo ya Desemba ikifika, tengeni lita moja kila wiki isiyokwenda kwa mnunuzi. Mpeni mtoto, wa kike au wa kiume, kibuyu kiwe chake, na nyanya yake akae karibu naye. Yakiharibika, mwambieni alipokosea, na wiki inayofuata mpeni lita nyingine.