Aliyefia Mafunzoni: Je, Namna ya Kifo Huipima Sadaka?

Fikra za dini na falsafa kuhusu vita zimemshughulikia zaidi askari aliyeuawa na adui kuliko yule aliyefikwa na mauti akiwa bado anafundishwa kupigana. Jamaa za huyu wa pili huachiwa swali ambalo salamu za rambirambi hazilijibu, nalo ni kama mtu aliyeanguka na ndege ya mazoezi, aliyezama katika zoezi la kutua ufukweni au aliyekufa kwa homa ya kambini ameitoa nafsi yake kweli, au amepatwa tu na ajali akiwa amevaa sare. Wanaolibeba swali hili si wachache. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, Bomber Command, kilipoteza zaidi ya watu 55,000 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na zaidi ya 8,000 kati yao walikufa katika safari za mafunzo au nyinginezo zisizokuwa za mashambulizi, wengi wao wakiwa vijana waliorushwa usiku na katika hali mbaya ya hewa, mara nyingi kwa ndege kuukuu zilizokwisha kuondolewa kwenye mapigano. Jeshi la anga la Marekani lilipoteza kiasi cha watu 15,000 kwa ajali ndani ya nchi yao wenyewe, mbali na adui yeyote.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics, alishikilia kwamba ushujaa kwa maana yake kamili huonekana mbele ya kifo cha vitani, kwa sababu hatari hiyo ndiyo kubwa na tukufu kuliko zote, na kwamba mtu shujaa, ingawa hataogopa baharini wala katika maradhi, huko hana nafasi ya kuonyesha uhodari wake, wala kifo chenyewe hakina utukufu. Kwa kipimo hicho kuruta aliyezama amekufa kifo kisichokuwa na jina. Hata hivyo, Aristotle alikuwa akieleza sifa moja ya tabia, hakuwa akigawa heshima makaburini, na kosa ni la waliokuja baadaye wakakichukua kipimo cha ushujaa na kukifanya kipimo cha thamani ya mtu. Zaidi ya hayo, ni vigumu kukubali kwamba kijana anayepanda ndege usiku wa leo, baada ya kuona ndege ya wenzake ikiteketea jana yake, hana lolote la kuonyesha.

Katika mapokeo ya Kiislamu kuna tukio linaloligusa swali hili kwa karibu zaidi. Katika vita vya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, sawa na mwaka 628, Amir ibn al-Akwa alimkabili adui, upanga wake mfupi ukamrudia yeye mwenyewe na kumjeruhi mguuni, naye akafa kwa jeraha hilo. Baadhi ya watu wakasema amali zake zimeporomoka kwa kuwa amejiua, na maneno hayo yakamfikia Salama ibn al-Akwa, ambaye katika mapokezi mengine marehemu ni ami yake na katika mengine ni ndugu yake. Salama alimwendea Mtume kwa huzuni, na Mtume akaukanusha usemi huo, akaeleza kwamba Amir ana ujira mara mbili.

Hadithi hiyo, iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, inastahili kuangaliwa taratibu. Anayeuliza ni mfiwa, wala si mwanazuoni anayetafuta hukumu ya jumla, na maneno yaliyomuumiza hayakutoka kwa adui, yalitoka kwa watu wa upande wake mwenyewe, jambo linaloonyesha kwamba aibu ya kifo cha ajali huzaliwa kambini kabla haijafika nyumbani. La muhimu zaidi ni kwamba jibu halikuibadili habari. Hakuna aliyesema kwamba upanga ule ulikuwa wa adui, wala jeraha halikuhamishwa kutoka mguuni kupelekwa kifuani ili lifanane na majeraha ya mashujaa. Amir alipewa heshima yake kamili huku ukweli wa ajali ukibaki palepale, na wapokezi wakausimulia bila kuuficha.

Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, waliendeleza jambo hili kwa kuwagawa mashahidi katika mafungu. Shahidi wa dunia na akhera ni aliyeuawa katika mapambano akiwa na nia safi, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hakoshwi wala hasaliwi, bali huzikwa na damu yake. Shahidi wa akhera ni kama mfa maji, aliyeangukiwa na jengo au aliyekufa kwa tauni, ambaye hukoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama maiti wengine, lakini hutarajiwa ujira wa shahidi mbele ya Mungu. Fungu la tatu, shahidi wa dunia, ndilo lenye makali kuliko yote, kwa kuwa huyu ameuawa vitani na hutendewa taratibu zote za shahidi, ilhali nia yake ilikuwa ngawira au sifa, kwa hiyo akhera hana fungu. Mpangilio huo unaipindua hoja ya Aristotle, maana uwanja wa vita peke yake haumthibitishi mtu, na maji hayamwondolei kitu. Ni kweli pia kwamba daraja ya mfa maji haihitaji vita yoyote, kwani mvuvi huipata vilevile, na kwa sababu hiyo haitoshi kueleza alichokitoa askari.

Hapo ndipo falsafa ya karne ya 20 inaposaidia. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel walijadili kile kinachoweza kuitwa bahati ya kimaadili, yaani hali ambapo mtu husifiwa au kulaumiwa kwa mambo ambayo kwa sehemu hayakuwa mikononi mwake. Makuruta wawili hula kiapo siku moja na kulala katika bweni moja, kisha mmoja akafa zoezini na mwingine akafika vitani na kupewa nishani. Walichokitoa wenyewe kilikuwa sawa, na kilichowatofautisha kilikuwa hewa mbaya au injini mbovu. Hoja hii inamfariji mfiwa, lakini ina udhaifu ambao wahubiri wa ibada za kumbukumbu huupita haraka mno: inamhusu aliyejitoa kwa hiari. Aliyeandikishwa kwa nguvu ya sheria hakutoa, alitwaliwa, na kuuita msiba wake sadaka ni kumnyang'anya hata haki ya kusema kwamba hakutaka.

Neno sadaka lina hatari nyingine, kwani huweza kumfunika mzembe. Alfajiri ya tarehe 28 Aprili 1944, katika ghuba ya Lyme kusini mwa Uingereza, meli za Marekani zilizokuwa katika zoezi lililoitwa Tiger, la kujiandaa kwa uvamizi wa Normandy, zilishambuliwa na boti za kasi za Kijerumani, meli mbili zikazama na zaidi ya watu 700 wakafa. Manowari moja iliyopaswa kuzilinda haikuwapo kwa sababu ya hitilafu, masafa ya redio yalikuwa yameandikwa kimakosa, na askari wengi, ambao hawakuwa wamefundishwa vizuri kuvaa mikanda ya kujiokolea, waliifunga kiunoni badala ya kwapani, ikawapindua vichwa chini majini. Manusura waliamriwa kunyamaza ili siri ya uvamizi isivuje. Amri hiyo ilikuwa na sababu ya kijeshi kwa wiki zile, lakini ukimya ulidumu muda mrefu kuliko sababu yake, na katika ukimya kama huo jamaa hubaki na kifo kilichotukuzwa bila kuelezwa.

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichagua njia yake. Huhesabu kila aliyekufa akiwa katika utumishi ndani ya miaka iliyowekwa, awe alipigwa risasi, aliugua au alianguka na ndege, na jiwe la kaburi huandikwa jina, cheo na tarehe bila sababu ya kifo. Usawa huo una heshima, lakini haukuwafikia wote: katika kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu, na badala ya majina yao ziliwekwa sanamu za jumla Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Mwaka 2021 tume ilikiri ukosefu huo wa usawa na kuomba radhi. Wapagazi hawakuwa makuruta, lakini nao walikufa vitani bila pigano, na kwao ukimya wa jiwe kuhusu sababu ya kifo ulikuwa ukimya kuhusu mtu mwenyewe.

John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliwaeleza wafu-hai kuwa ni marehemu ambao bado wapo watu waliowajua na kuwataja kwa majina. Kwa mtazamo huo kumbukumbu ya aliyefia mafunzoni iko kwanza mikononi mwa ukoo, si mwa jeshi, na ukoo una ya kukumbuka zaidi ya miezi michache ya kwata, kwa kuwa ulimjua tangu utotoni. Pale mtoto wa nduguye anapopewa jina la marehemu, wazazi hulazimika siku moja kumweleza aliyeitwa hivyo kabla yake alikufa vipi. Kumwambia kwamba alizama kwa sababu hakuna aliyemfundisha kufunga mkanda hakumpunguzii marehemu heshima, ila humwachia mtoto haki ya kuuliza ni nani aliyepaswa kumfundisha.