Sala Isiyoomba Kitu



Mkulima wa Yudea alishuka shambani mwake, akapita kati ya mitini, akaona tini moja imeanza kuiva kabla ya nyingine. Hakuichuma. Alitwaa unyasi, akaifunga pale pale mtini, akatamka kwamba hii ni limbuko. Akaenda kwenye mzabibu, akafunga kichala kilichotangulia kuiva. Akaenda kwenye mkomamanga, akafanya vivyo hivyo. Tangu hapo tunda lile halikuwa lake tena, ingawa lilikuwa bado linaning'inia kwenye mti alioupanda mwenyewe.

Hayo tunayasoma katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliokamilishwa karibu mwaka 200 BK. Wakati huo Hekalu la Yerusalemu lilikuwa limekwisha kubomolewa na Warumi tangu mwaka 70 BK, wala hapakuwa tena na madhabahu ya kupelekea kikapu cha malimbuko. Hata hivyo walimu wale waliandika kila hatua, mpaka ule unyasi, na mimi namshukuru Mungu kwa uaminifu wao, kwa kuwa Torati yenyewe inaamuru kikapu kiletwe bila kutuonyesha mikono iliyokiandaa.

Turudi nyuma kidogo, kwenye shayiri. Shayiri ndiyo nafaka inayotangulia kuiva katika nchi ile, kati ya Machi na Aprili, mvua zinapokatika. Mambo ya Walawi 23 inaagiza mganda wa kwanza upelekwe kwa kuhani, naye autikise mbele za Bwana. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kula mkate wa nafaka mpya, wala bisi, wala masuke mabichi. Mtu aliyelelewa shambani ataelewa uzito wa agizo hilo. Kwetu ni zile wiki ambazo akiba ya mwaka jana imebaki ya kukung'utwa, na mahindi yaliyo shambani yameanza kufaa kuchomwa. Mama anahesabu vibaba, watoto wanachungulia shamba. Katika wiki kama hizo Mungu anawaambia watu wake: msile kwanza. Zinahesabiwa siku 50, na ngano ikishaiva inaletwa mikate miwili iliyotiwa chachu. Hiyo ndiyo Sikukuu ya Majuma, ile ile ambayo sisi tunaijua kwa jina la Pentekoste.

Naomba tutazame wakati limbuko linapotolewa. Fungu la kumi linahitaji hesabu. Huwezi kutoa moja ya kumi kabla hujajua kumi yenyewe ni ngapi. Limbuko linatangulia hesabu. Nzige wanaweza kuja kesho, upepo wa jangwani unaweza kukausha kilichobaki, adui anaweza kuchoma mashamba. Mkulima anatoa akiwa hajui ghala litajaa au la, na Mishna inataja limbuko katika vitu visivyowekewa kipimo.

Kisha ikaja safari. Watu wa vijiji vya jirani walikusanyika katika mji mmoja, wakalala uwanjani pasipo kuingia katika nyumba za watu, na alfajiri msimamizi akawaamsha wapande Sayuni. Waliokaa karibu walibeba tini na zabibu mbichi. Waliotoka mbali walibeba zilizokaushwa, maana mbichi zingeoza njiani. Mbele yao alitembea ng'ombe dume, pembe zake zimepambwa kwa dhahabu, kichwani amevikwa taji la mzeituni, na filimbi ikapigwa mpaka walipoukaribia Yerusalemu. Mafundi wa mji walisimama kuwalaki, wakawaita ndugu na kuutaja mji waliotoka. Fundi aliacha kazi yake kwa ajili ya mtu wa shamba! Walipofika mlima wa Hekalu, hata mfalme Agripa alijitwika kikapu chake begani, akaingia nacho kama wengine.

Sasa mkulima yuko mbele ya kuhani. Hapa ndipo Kumbukumbu la Torati 26 inapompa maneno ya kusema, na ndiyo sehemu iliyonifanya niandike tafakari hii. Anaanza na babu: alikuwa Mwarami asiye na makao, akateremkia Misri na watu wachache. Wamisri wakatutesa, wakatutwika kazi ngumu. Tukamlilia Bwana, akatusikia, akatutoa kwa mkono wenye nguvu, akatuleta katika nchi hii. Na sasa, tazama, nimeleta malimbuko ya ardhi uliyonipa. Anakiweka kikapu, anasujudu, na sala imekwisha.

Isomeni tena mkiwa nyumbani, taratibu, mkitafuta mahali anapoomba. Hamtapaona. Haombi mavuno yaliyobaki yawe mengi, haombi afya, haombi watoto, haombi ulinzi njiani akirudi. Yapo maombi katika sura hiyo hiyo, mstari wa 15, lakini yanahusu zaka ya mwaka wa tatu, na hapo mtu anaombea baraka taifa zima na nchi yake. Mwenye kikapu cha limbuko hana ombi hata moja. Amekuja kusimulia.

Wala hataji mvua. Jambo hili linashangaza, kwa sababu nchi ile haikuwa na mto kama Nile wa kuinywesha. Iliishi kwa mvua, na Kumbukumbu la Torati 11 inasema hivyo waziwazi. Majirani zao Wakanaani walimtegemea Baali kwa mvua. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Ugarit, katika pwani ya Siria, kuanzia mwaka 1929, yanamwita mpanda mawingu. Katika karne ya 8 KK nabii Hosea aliwalilia Waisraeli waliopokea nafaka, divai na mafuta kutoka kwa Bwana wakadhani ni Baali aliyewapa. Kumbe mtu anaweza kushiba mkononi mwa Mungu akamshukuru mwingine. Kwa hiyo mkulima alipofika madhabahuni alifundishwa kuanza mbali zaidi ya mawingu. Alianza na utumwa. Alisema "tulilia" ingawa yeye mwenyewe alizaliwa miaka mingi baada ya Misri na mgongo wake haukuwahi kuonja mjeledi wa msimamizi. Shukrani yake ilisimama juu ya jambo ambalo ukame hauwezi kulifuta. Mwaka wa tini tatu kavu angeweza kusema maneno yale yale, neno kwa neno, na yote yangekuwa kweli.

Kuna jambo jingine katika Mishna ambalo sijaweza kulipita haraka. Zamani, waliojua kuisoma sala ile walisoma wenyewe, na wasiojua walisomewa, wakawa wanafuatisha. Matokeo yake, wasiojua wakaacha kuleta malimbuko. Hawakukosa tini wala imani. Waliona aibu kusimama mbele ya watu na kuonekana hawajui. Walimu walipoligundua hilo hawakuwahubiria juu ya ujasiri. Walibadilisha utaratibu: wote wasomewe, anayejua na asiyejua, msomi na mchunga mbuzi, sentensi kwa sentensi. Natamani kila baraza la wazee wa kanisa lizungumze habari hiyo. Ni wangapi kwetu wamekaa nyumbani Jumapili ya mavuno kwa sababu majina yanatangazwa pamoja na kiasi? Mama mwenye mkungu mmoja wa ndizi anapita mbele baada ya gari lililojaa magunia, na kipaza sauti kinanyamaza ghafla. Yuko anayemwonea aibu, na yuko anayeumia, na wote wawili wako katika nyumba ya Bwana.

Mishna inaendelea kusema nani haleti kabisa. Anayelima shamba la mwingine kwa kugawana mazao haleti. Mpangaji wa shamba haleti. Mnyang'anyi wa ardhi naye haleti. Sababu ni moja: Torati imesema malimbuko ya ardhi yako. Wale wawili wa kwanza wamepewa nafuu. Hawadaiwi kitu ambacho hawana. Huyo wa tatu amefungiwa mlango. Aweza kuwa na tini nono kuliko za wote, lakini hawezi kusimama pale akasema ardhi hii Mungu amenipa, ilhali ameipora kwa mjane. Tunaoishi katika nchi ambazo yatima huondolewa katika kiwanja cha baba yake na wajomba au baba wadogo, kisha kiwanja hicho kikalimwa na mazao yake yakaletwa kanisani, tuna sababu ya kutetemeka.

Na hapa sina budi kusema wazi juu ya mahubiri yaliyoenea siku hizi, kwamba mshahara wote wa Januari ni limbuko, upelekwe madhabahuni, na asiyepeleka ameufunga mwaka wake. Mithali 3 inaunganisha kumheshimu Bwana kwa malimbuko na ghala kujaa. Siifichi ahadi hiyo, naiamini. Lakini ahadi iliyotolewa na Mungu kwa hiari yake si deni tunalokwenda kumdai. Na mtu anayemwambia kibarua aliyepanga chumba kimoja, mwenye ada ya shule ya kulipa mwezi huo huo, kwamba Mungu anataka mshahara wake wote la sivyo atamfungia mwaka, anamwekea mzigo ambao Torati haikumwekea hata mlimaji wa shamba la kugawana. Anageuza limbuko kuwa hofu. Mkulima wa Kumbukumbu la Torati alikuja kwa sababu alikuwa ametolewa utumwani. Haifai aondoke madhabahuni akiwa mtumwa tena.

Baada ya kusujudu, sura ile inamwambia afurahi, yeye pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yake. Mlawi hakugawiwa ardhi. Mgeni hakuwa na ukoo. Hawa ndio walioalikwa kufurahi naye, na pale watu walipoacha kuleta zaka, matokeo yalionekana: Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta Walawi wamekimbilia mashambani kutafuta chakula kwa kuwa hawakupewa mafungu yao. Wakati wa nabii Elisha, njaa ikiwa nchini, mtu mmoja kutoka Baal-shalisha alileta mikate 20 ya shayiri, mikate ya malimbuko. Angeweza kusamehewa mwaka huo. Elisha hakuiweka akiba. Aliagiza watu wapewe wale. Mtumishi wake akauliza itawatoshaje watu 100. Wakala, wakasaza.

Kwa hiyo wazee wa kanisa na mimi tumekubaliana hivi kuhusu Jumapili ya mavuno. Mnada baada ya ibada utaendelea, kwa kuwa unawasaidia wainjilisti wa mitaa. Ila sehemu ya vyakula itatengwa kabla ya mnada na kupikwa siku hiyo hiyo, na kila familia inaombwa ije na mgeni mmoja: jirani asiyesali kwetu, kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi, mjane anayekula peke yake. Hakuna jina wala kiasi kitakachotangazwa. Mzee mmoja atasimama mbele, atasema habari za Mwarami, za Misri na za msalaba wa Bwana wetu, sentensi moja moja, na sisi sote, tunaojua kusoma na tusiojua, tutamfuatisha.