Subira ya Wengine Si Mali Yetu

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo mtu azisikiapo kwa haraka aweza kudhani kuwa zapigana. Moja yasema kuwa subira huvuta heri. Nyingine yasema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi twaona kwamba hazipigani hata kidogo. Ya kwanza ni shauri kwa anayengoja. Ya pili ni onyo kwa anayengojesha. Ubaya huanza pale mwenye kungojesha anapoichukua methali ya kwanza na kumhubiria nayo mwenzake.

Juma hili twapenda kulipima jambo hilo kwa habari ya treni za abiria zinazochelewa.

Mji wa Bariadi hauna reli. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, wapitiwa na reli ya zamani upande wa wilaya ya Maswa tu, ambako stesheni ya Malampaka ndiyo mlango wake. Hilo ni tawi litokalo Tabora, ambalo lilifika Mwanza mwaka 1928. Mtu wa Bariadi atakaye kwenda Tabora au Kigoma kwa treni, sharti kwanza apande gari mpaka Malampaka au Shinyanga, ndipo angoje. Wengi siku hizi huchagua basi. Treni imebaki kuwa chombo cha mwenye nauli ndogo na mizigo mingi: mama mwenye watoto na magunia, kijana aendaye kutafuta kazi, mkulima aendaye msibani.

Hao ndio wangojao. Treni ikichelewa, mwenye fedha hubadili safari yake. Maskini hulala sakafuni karibu na mizigo yake, hula akiba ya njiani kabla ya safari kuanza, kisha hukopa kwa mama lishe. Asubuhi amefika mwisho wa fedha zake, naye bado hajaondoka.

Je, kuchelewa huku ni dhambi? Yatupasa kujibu kwa uangalifu, maana si kila kuchelewa ni kosa.

Kwanza, kuna kuchelewa kunakookoa roho za watu. Tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu wapatao 280. Akumbukaye siku ile hatamlaumu fundi anayeizuia treni saa tatu ili apime breki.

Pili, kuna kuchelewa kuletwako na mvua. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za kutoka Dar es Salaam zikakatika kwa miezi. Tena reli ile ya zamani ni njia moja tu. Treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo treni moja ya mizigo ikiharibika mbali huko, abiria wa Malampaka hulipa kwa usingizi wake.

Katika mambo hayo hatumlaumu mtu kwa haraka. Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo tunalotaka kulisema waziwazi: ni kumngojesha mtu pasipo kumwambia neno.

Tiketi ni mapatano. Abiria ametoa fedha; aliyezipokea ameahidi safari na saa. Ahadi ni deni, nasi sote twakiri hivyo. Saa ikipita na mwenye deni akanyamaza, dirisha likafungwa, na mama akajibiwa kwa mabega tu, hapo si muda peke yake uliopotea. Mtu huyo amehesabiwa kama gunia liwezalo kukaa popote, kwa kuwa gunia haliulizi.

Amri ya saba yatukataza kuiba. Wengi wadhani kwamba yahusu fedha, ng'ombe na nguo tu. Walakini Sheria ya Musa ilikataza hata ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi. Angalieni vema: fedha ile ingelipwa kesho, wala hakuna senti iliyopungua. Kilichochukuliwa ni usiku mmoja wa maskini, naye Mungu aliona kuwa usiku huo una thamani.

Kanisa lafundisha tena kwamba aliyeiba haimtoshi kuungama, ampasa kurudisha. Mbuzi aweza kurudishwa. Usiku wa stesheni haurudishwi kamwe. Kwa sababu hiyo anayeshika saa za watu ameshika amana kubwa kuliko anayeshika fedha zao.

Basi afanye nini mtumishi wa reli ambaye kweli treni yake imekwama? Aseme kweli, na aiseme mapema. Mama akiambiwa adhuhuri kwamba treni haitafika kabla ya usiku wa manane, atakwenda kwa ndugu, atapika, atawalaza watoto. Neno la kweli humrudishia mtu saa zake, hata kama halimletei treni.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kwenye reli mpya kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo treni moja ilisimama njiani kwa kukosa umeme, na shirika la reli likaeleza kuwa ngedere na bundi walikuwa wamegusa nyaya. Watu wengi walicheka. Sisi twasema kwamba sababu iliyotajwa, hata ikichekesha, ni bora kuliko ukimya. Asemaye amemtambua mwenzake kuwa ni mtu apaswaye kujibiwa.

Reli mpya kama hiyo, kati ya Mwanza na Isaka, urefu wa kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Twaifurahia. Lakini chuma kipya hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Treni ya umeme nayo yaweza kumngojesha maskini bila neno, kama wanaoiendesha hawakujifunza kumheshimu.

Pengine msomaji atauliza: Je, Mkristo hapaswi kuvumilia? Apaswa. Atukanaye kwenye dirisha la tiketi hajaongeza mwendo wa treni. Ila subira ni fadhila ya anayengoja. Si ruhusa ya anayemngojesha. Kumhubiria subira aliyelala sakafuni, na kutomhubiria uaminifu aliyelala kitandani mwake, ni kuitoa Injili nusu.

Tusiishie kwenye reli. Afunguaye vyuma vya njia ili aviuze kwa kilo, awangojesha watu asiowajua. Akataye miti ya mlimani, mchanga ukashuka mitoni na mto ukala tuta la reli, awangojesha pia. Na wakulima wa pamba wa Simiyu wajua uchungu huu bila kufika stesheni: katika msimu wa 2019 wengi walikwisha kupima pamba yao, wakakaa miezi wakingojea malipo, na watoto wakingojea ada.

Nyumbani je? Baba aliyeahidi kuleta sare ya shule Jumatatu, na aseme Jumapili kwamba fedha haijapatikana. Fundi cherehani asipokee kitambaa cha arusi ambacho ajua hatakimaliza. Misa iliyotangazwa saa moja ianze saa moja, na mkutano wa jumuiya vivyo hivyo. Maana mama aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani ili awahi hana saa za kuwapa wachelewaji.

Hayo si makubwa, wala hayahitaji bajeti ya serikali. Wazazi wayaanze na watoto wao, kwa kuwa mtoto anayezoea kuona ahadi ikishikwa nyumbani, huyo ndiye atakayeketi kesho nyuma ya dirisha la tiketi. Siku treni itakapokwama, atatoka nje kwa watu na kuwaambia kweli.