Bei ya Mji

Kitu chenye bei huwa na mwenyewe, na chenye mwenyewe chaweza kuuzwa. Kanuni hii ni nyepesi katika soko la Kariakoo, ambako mwenye nazi hupatana na mnunuzi, fedha ikaenda huku na nazi zikaenda huko, kisha wote wawili wakaagana kwa heri. Uzito wake huonekana kinachouzwa kiwapo mji. Mji una nyumba, bandari na ushuru, mambo yanayohesabika. Lakini una watu pia, na watu si shehena.

Swali hili limeingia hata katika michezo. Civilization V, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola uliotolewa mwaka 2010, una miji midogo inayojitawala. Mchezaji anayeshika dola ya Austria, iliyoongezwa mwaka 2012, aweza kuulipia mji uliokwisha kuwa mshirika wake kwa zamu tano, akautia katika milki yake. Hapo hupima faida na hasara: mji ukiwa rafiki humpa msaada, ukinunuliwa humpa ardhi na mapato, lakini urafiki umekwisha. Wachezaji hubishana lipi ni bora, na ubishi wao hauna dhambi, maana miji ile haina mkazi wa kulia wala wa kucheka.

Dar es Salaam ilipata kununuliwa kwa kweli. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuijenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Boma la Kale, lililo karibu na bandari, ni masalio ya zama zake. Majid alifariki mwaka 1870, na ujenzi ukapooza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba milki ya Sultani barani ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Waliochora mpaka hawakuwauliza waliokaa ndani yake. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa aliiachia kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani ya kusini na ushuru wake. Kampuni ilipotwaa madaraka mwezi wa Agosti, pwani iliwaka moto. Abushiri bin Salim aliongoza vita Pangani, na Bwana Heri Saadani. Abushiri alinyongwa mwezi wa Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani Ali bin Said aliitoa pwani hiyo kwa Ujerumani kwa marki milioni 4, na mwaka 1891 Dar es Salaam ikafanywa makao makuu mahali pa Bagamoyo.

Watetezi wa mapatano haya wana hoja isiyostahili kudharauliwa. Sultani, husema, hakuwa na hiari. Manowari za Kijerumani zilikwisha kutia nanga mbele ya Unguja mwezi wa Agosti 1885, na wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kupokea fedha ni afadhali kuliko kunyang'anywa bure. Tena desturi ya mataifa iliruhusu: mwaka 1867 Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2, na mnunuzi hakuitwa mwizi.

Hoja ya kwanza yamwondolea Sultani lawama, lakini haimpi mnunuzi haki. Biashara ni ridhaa ya pande mbili. Penye manowari mlangoni, bei hugeuka kuwa kifuta machozi. Tena hata kama Sultani angeridhika kwa moyo wake wote, swali lingebaki palepale: alikuwa na nini cha kuuza? Alikuwa na haki ya kutoza ushuru bandarini, na haki hiyo aliweza kuikodisha au kuiacha. Lakini haki ya kupokea ushuru si umiliki wa wanaoulipa. Utii wa watu ni amana iliyo mkononi mwa mtawala, na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuiuza.

Hoja ya pili, ya desturi, hujibiwa na historia ya Unguja yenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa shurutisho la Uingereza, kwa kuwa ilikiriwa kwamba mtu hauzwi, ingawa desturi ya kumwuza ilikuwa kongwe. Miaka 17 baadaye Uingereza hiyohiyo iliahidi kumshawishi Sultani aitoe pwani kwa malipo. Ikiwa mtu mmoja hana bei, kwa hesabu gani maelfu wakiwekwa pamoja huwa nayo?

Wala ubaya haumo katika fedha peke yake. Ukanda wa pwani ya Kenya, uliokodishwa kwa Uingereza mwaka 1895, uliingizwa katika Kenya kwa mapatano ya Oktoba 1963 bila ya mauzo. Hata hivyo watu wa Mwambao walikuwa wamegawanyika, na wengine walitaka kujitawala. Tofauti moja ni kubwa: mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuwasikiliza, na mapatano yalilinda dini yao na mahakama za makadhi. Kusikilizwa si kuamua. Lakini aliyesikilizwa amekwisha kutambuliwa kuwa mtu, si sehemu ya ardhi.

Mnunuzi wa 1890 hakukaa sana na alichokinunua. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam kwa silaha, na risiti ya marki milioni 4 haikuzuia hata mashua moja. Lakini hasara yake si hoja dhidi yake. Lau angekaa miaka 1,000, swali lisingepungua. Anayetafakari kununua mji huuliza kwanza faida yake, kisha bei yake. Swali linalotangulia yote mawili ni kama wenyeji wamesema ndiyo. Na wakiisha kusema ndiyo, hakuna tena cha kununua.