Kagueni Nyumba Pamoja Kabla ya Kuinunua

Wapendwa mume na mke,

Mmeweka akiba miaka mingi na kujinyima mengi. Sasa mmepata nyumba, tuseme Kitengela, na mwenyewe anasema: "Naiuza jinsi ilivyo." Maana yake ni kwamba mkishatia sahihi, gharama ya kasoro mtakazozikuta ni yenu.

Hapo ndipo wengi hukosana. Mke ataka fundi aitwe akague. Mume asema, "Mzee huyu tunamjua. Tukimletea fundi, ni kama kumwita mwongo." Je, kukagua ni kumvunjia jirani heshima?

La. Kukagua si kumhukumu mtu, ni kupima kitu. Hata muuzaji mwaminifu huenda hajui kilichomo darini mwake. Basi nendeni wote wawili, mchana, na ikiwezekana baada ya mvua kubwa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si wa kutisha sana. Ufa mpana unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha waweza kuwa dalili ya msingi unaotitia, kwa maana udongo mweusi wa sehemu zile huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Gongeni mbao za paa msikie kama mchwa wamezila. Fungueni mifereji yote. Mkiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya, ulizeni sababu. Na fundi mlipeni ninyi, asiwe mtu wa muuzaji.

Hatimiliki nayo ichunguzwe katika ofisi ya ardhi. Tena, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yasema kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke wote wawili. Muuzaji akiwaficha mkewe, ngojeni. Msinunue machozi ya mama mwingine.

Na wewe unayeuza je? Neno "jinsi ilivyo" lakupa ruhusa ya kutotengeneza. Halikupi ruhusa ya kudanganya. Anayepaka rangi juu ya ufa ili usionekane amesema uongo, ingawa hakufungua kinywa.

Mwenzako ulimpokea jinsi alivyo, na udhaifu wake unauvumilia kwa sababu ulimwahidi. Nyumba hamjaiahidi lolote. Mnaweza kuikataa bila dhambi. Lakini anayenunua kwa siri, hata kama nia yake ni kumpa mwenzake zawadi, amemnyima nafasi ya kuona na kusema hapana. Paa likivuja, mvua haitamchagua aliyetia sahihi.

Leo jioni, watoto wakishalala, ulizaneni: Ni shaka gani nimeinyamazia ili tusigombane? Isemeni sasa. Afadhali kupoteza ujira wa fundi wa siku moja kuliko kupoteza akiba na amani kwa pamoja.